Kufufua tangi la samaki wa Ziwa Nyasa lililotelekezwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu aliyeachiwa tangi la samaki wa mapambo ambalo halijaguswa kwa miezi. Pengine mpangaji amehama akaliacha, pengine limekaa mapokezi ya gesti, pengine ni la shule na mwalimu aliyekuwa akilitunza amehamishwa. Samaki tunaowazungumzia ni mbuna, wale wa rangi kali wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa. Vipimo vyote vinachukulia tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45, ambalo ukitoa nafasi ya mawe na mchanga hubaki na maji kama lita 180. Kama lako ni tofauti, zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita.

Tangi limechafuka vibaya lakini samaki wako hai. Nilisafishe lote siku moja?

Hapana, tafadhali. Samaki wengi waliovumilia uchafu miezi mingi hufa siku ile wanaposafishiwa, na mwenye tangi hubaki akijiuliza kakosea wapi wakati maji yanang'aa.

Sababu ni hii. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kwenye filta na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Kazi hiyo hula bikaboneti iliyomo kwenye maji: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa humaliza bikaboneti inayolingana na takriban miligramu 7 za kalsiamu kaboneti. Maji yasipobadilishwa, bikaboneti huisha, pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi) hushuka chini ya 6.5, na bakteria wenyewe hulegea. Sasa amonia inarundikana, ila kwa kuwa pH iko chini, karibu yote iko katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru samaki sana.

Chukua mfano. Maji yana amonia jumla ya miligramu 4 kwa lita, nyuzi 25, pH 6.5. Sehemu yenye sumu ni kama miligramu 0.007 tu, na samaki anaishi. Ukamwaga nusu ya maji na kujaza maji mapya ya pH 8 yenye bikaboneti nyingi, tangi zima hupanda kuelekea 8. Amonia jumla imepungua hadi 2, lakini sumu yenyewe imefika miligramu 0.1, mara kumi na zaidi ya ile ya asubuhi. Matamvua huungua na samaki hufa kabla ya jioni. Hapo hatujagusa mshtuko wa chumvichumvi za maji kubadilika ghafla, wala bakteria waliokufa kwa sababu filta ilioshwa kwa maji ya bomba siku hiyohiyo.

Nipime nini kabla ya kufanya chochote?

Joto, pH, amonia, nitriti, nitrati na KH. KH ni kiasi cha bikaboneti kinachoizuia pH isianguke, nacho huhesabiwa kwa nyuzi zake, si nyuzi za joto. Vipimo vya matone ni sahihi kuliko vijikaratasi, na vikikosekana mjini kwako huagizwa Dar es Salaam vikaja na basi. Wakati unasubiri, kipimo cha matone cha bwawa la kuogelea kitakupa pH na klorini, na hiyo inatosha kuanza. Tazama tarehe ya mwisho kwenye chupa, kwa sababu dawa iliyopitwa na wakati husoma sifuri hata kwenye maji machafu.

Andika majibu kwenye daftari. Pima na maji utakayotumia kubadilishia, baada ya kuyaacha kwenye ndoo usiku kucha. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo itakayokuambia tofauti kati ya maji ya tangi na ya ndoo ni kubwa kiasi gani.

Basi wiki ya kwanza nifanye nini hasa?

Inategemea pH uliyoikuta.

Kama pH iko juu ya 7.5 na amonia inaonekana, sumu tayari inafanya kazi. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji leo, kwa maji yasiyo na klorini, yenye joto na pH inayokaribiana na ya tangi, na upime tena kesho.

Kama pH iko chini ya 6.8 na amonia ni zaidi ya miligramu 1, nenda polepole. Ondoa samaki waliokufa na chakula kilichooza. Acha kulisha siku tatu. Mbuna mzima hadhuriki, na usipomlisha amonia mpya hupungua sana. Ongeza jiwe la hewa, lile linalounganishwa na pampu ya hewa na kutoa mapovu madogo. Kisha badilisha asilimia 10 ya maji, yaani lita 18 au ndoo moja isiyojaa, asubuhi na jioni, ukimimina taratibu kwa kikombe au kwa mpira mwembamba uliobanwa. Pima pH baada ya kila ndoo, na isipande zaidi ya 0.2 kwa siku. Usiweke kitu chochote cha kupandisha pH hadi amonia ishuke chini ya 0.5.

Amonia ikishatulia, endelea na asilimia 10 mara moja kwa siku. Nitrati ya miligramu 200 itafika kama 96 baada ya siku 7 na kama 46 baada ya siku 14, mradi maji ya ndoo hayana nitrati. Lengo ni chini ya 40, na 20 ni nzuri zaidi. Baada ya hapo inatosha kubadilisha asilimia 25 hadi 30 kila wiki, bila kuacha.

Nitriti ikijitokeza njiani, weka gramu 100 za chumvi ya kawaida kwa lita 180, ukiiyeyusha kwanza kwenye jagi. Kloridi ya chumvi huizuia nitriti kupenya matamvua.

Nitumie maji ya bomba au ya mvua?

Bomba, ukiyapumzisha saa 24 hadi 48 kwenye pipa lisilofunikwa kabisa, lenye jiwe la hewa, ili klorini itoke. Maji yaliyotiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa ni yaleyale: yana klorini.

Maji ya mvua, ambayo Tukuyu hayaadimiki, hayana bikaboneti ya kutosha. Yakitumika peke yake pH huanguka wiki hadi wiki. Changanya na ya bomba au yaongezee bikaboneti kama inavyoelezwa hapa chini. Usikinge mvua ya kwanza ya msimu, kwa sababu hiyo huosha vumbi la bati.

Pipa liwe la maji tu. Ndoo iliyowahi kushika sabuni au dawa ya shambani haifai hata ukiiosha mara kumi.

Amonia imeshuka lakini pH bado ni 6.6. Niipandishe kwa nini?

Ziwa Nyasa lina pH kati ya 7.7 na 8.6, na KH ya nyuzi 6 hadi 8 hivi. Lenga pH 7.8 hadi 8.2 na uifikie kwa siku kumi au zaidi.

Tumia soda ya kuokea, yaani bikaboneti halisi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, karibu gramu 6, huongeza KH nyuzi 4 katika lita 50. Kwa lita 180, nusu kijiko huongeza kama nusu nyuzi. Weka nusu kijiko hadi kimoja kwa siku, kikiwa kimeyeyushwa ndani ya maji mapya, si kumwaga unga juu ya samaki.

Hapa kuna vitu vitatu vinavyofanana kwa jina au rangi, na kosa moja linaua tangi zima. Hamira ya unga ya keki imechanganywa na asidi na wanga, haifai. Magadi ya kulainishia maharage ni makali kuliko soda ya kuokea na hupandisha pH kwa kuruka. Magadi soda ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki, huunguza hata ngozi yako, kwa hiyo usiyasogeze karibu na tangi.

Ukishafika, mawe ya chokaa yatakushikilia pH bila kupima vijiko kila wiki, na watu wa Mbeya wana bahati: bonde la Songwe limejaa mawe hayo. Ponda kilo 1 hadi 2 ziwe punje za ukubwa wa mahindi, osha hadi maji yatoke safi, tia kwenye mfuko wa wavu na uweke ndani ya filta au mahali maji yanapopita. Jiwe huyeyuka kidogokidogo maji yanapoanza kuwa na asidi, na karibu husimama yanapokuwa sawa, ndiyo maana ni vigumu kuzidisha. Litambue kwa tone la siki: likitoa mapovu ndilo lenyewe. Usichanganye na chokaa ya kupaka ukutani. Hiyo imechomwa tanurini, na ikiyeyuka pH huweza kufika 12.

Filta imeziba na inanuka. Ninunue mpya?

Mara nyingi haihitajiki. Chomoa umeme, toa sponji na uzikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kamua mpaka maji yapite, si mpaka sponji iwe kama ya dukani, kwa kuwa ule utando wa kahawia ndio bakteria wako. Kama zipo sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili.

Kisha fungua kichwa cha pampu na uchomoe sumaku yenye feni. Hapo ndipo tatizo huwa: ute na mchanga vimejikusanya, au mhimili umelika upande mmoja. Safisha tundu kwa brashi ya meno ya zamani. Magamba meupe ya chumvichumvi yaloweke kwenye siki nusu saa, kisha suuza vizuri. Pampu inayonguruma hata baada ya kusafishwa ina mhimili uliokwisha, na huo ndio kipuri cha kununua. Kwa lita 180 filta ipitishe lita 800 hadi 1,000 kwa saa.

Filta iliyozimwa kwa siku kadhaa ikiwa na maji ndani usiiwashe kamwe kabla ya kuimwaga. Bakteria wamekufa kwa kukosa hewa, na yale maji yenye harufu ya mayai viza yakiingia tangini ni sumu.

Kwa makazi mapya ya bakteria, huna haja ya kuagiza vigae vya nje. Lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu, linaloelea likiwa kavu na linalopatikana upande wa Rungwe, linafanya kazi hiyo vizuri. Lita 4 za vipande vya sentimita 2, vilivyosuguliwa na kulowekwa hadi vizame, zinatosha. Viweke pamoja na sponji za zamani kwa wiki sita kabla ya kuondoa chochote.

Mchanga ni mweusi chini na ukiuchokonoa unatoa mapovu yenye harufu mbaya.

Usiuvuruge wote. Gawa sakafu ya tangi robo nne na ufyonze robo moja kwa wiki, kwa mpira wa kipenyo cha sentimita 1 hadi 1.5, wakati wa kubadilisha maji. Anzisha mpira kwa kuujaza maji na kuziba kwa kidole, si kwa kuvuta na mdomo. Mchanga mpya usizidi sentimita 3.

Lakini kama unalihamisha tangi kwenda nyumba nyingine, kanuni hubadilika. Toa samaki, toa mchanga wote na uuoshe, kwa sababu utavurugika tu njiani. Beba sponji za filta zikiwa zimezama kwenye maji ya tangi ndani ya ndoo isiyozibwa.

Juni na Julai maji hushuka hadi nyuzi 17. Hita gani inatosha?

Mbuna wanataka 24 hadi 27. Chini ya 20 hupoteza hamu ya kula na kinga ya mwili hudhoofu, na hapo ndipo ugonjwa wa vidoa vyeupe huingia. Chumba kikiwa na nyuzi 15, hesabu wati 1 kwa lita na kuzidi kidogo. Tumia hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300: moja ikiganda ikiwa imewaka haitawapika samaki, na ikifa nyingine itawashikilia. Ziweke karibu na mkondo wa filta na uamini kipimajoto, si namba iliyoandikwa kwenye hita.

Njombe na Makete, funika nyuma na pembeni kwa lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, na uweke kioo juu. Joto lililoshuka lipandishe nyuzi 1 hadi 2 kwa siku. Chomoa hita robo saa kabla ya kutoa maji, la sivyo kioo chake hupasuka kikikutana na hewa. Kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye ekstensheni.

Umeme ukikatika usiku?

Hewa kwanza, joto baadaye. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha. Funga tangi kwa blanketi pande zote, acha uwazi juu, na usilishe. Kama huna pampu, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kwa dakika tano kila nusu saa. Filta ikikaa saa kadhaa bila kuzunguka, mwaga maji yake kabla ya kuiwasha.

Samaki wanahema juu ya maji ingawa amonia ni sifuri.

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa nyuzi 25, maji ya pwani hushika oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita, ya huku kama 6.7. Kwa hiyo miongozo ya nje inayosema jiwe la hewa ni la hiari, huku isifuatwe. Elekeza bomba la filta livunje uso wa maji na uweke jiwe la hewa usiku na mchana. Ondoa pia utando wa mafuta juu kwa kulaza karatasi safi na kuivuta. Kama bado wanahema, pima nitriti, maana huzuia damu kubeba oksijeni hata ikiwepo.

Mmoja amevimba tumbo, hali, na kinyesi chake ni uzi mweupe.

Ni ugonjwa wa tumbo wa mbuna, na chanzo huwa maji mabaya pamoja na chakula cha nyama. Mtenge mapema kwenye beseni la lita 40 lenye hewa na nyuzi 27. Ponda metronidazoli miligramu 250, yeyusha kwa maji vuguvugu na umimine. Kila baada ya siku mbili badilisha theluthi ya maji na urudie dozi, jumla mara tatu. Nunua kwa mfamasia na umwambie ni ya samaki. Aliyekwisha kusimama magamba kama msumeno ni nadra kupona.

Nilishe nini?

Mbuna wengi wana utumbo mrefu wa kula mwani unaoota kwenye mawe. Yule mwenye pua iliyoinama, *Labeotropheus fuelleborni*, ana mdomo uliokaa chini ya pua ili akwangue jiwe akiwa amelala sambamba nalo. Alipewa jina la daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn, aliyekusanya samaki upande huu wa kaskazini wa ziwa mwishoni mwa karne ya 19, na Ernst Ahl akamwelezea kitaalamu mwaka 1926.

Chagua chakula chenye spirulina (aina ya mwani), kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mchicha uliochovywa maji ya moto dakika moja wanaupenda. Achana na moyo wa ng'ombe, nyama ya kusaga na dagaa. Na mwani wa kijani wa kioo cha nyuma usiukwangue wote. Safisha cha mbele tu, na washa taa saa 6 hadi 8.

Wanauana. Niwapunguze?

Mara nyingi tatizo ni madume mengi, si samaki wengi. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne wa aina hiyo, na jumla ya samaki 15 hadi 20 wakubwa, hugawanya ugomvi usimwangukie mmoja. Panga mawe upya siku unayoongeza samaki, kwa sababu mipaka yote hufutika. Mawe makubwa yakae juu ya kioo chenyewe na mchanga uje baadaye: mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga hudondoka na kupasua tangi.

Goldfish waliochanganywa humo watafutie tangi lao. Wanataka maji ya baridi zaidi na watanyofolewa mapezi.

Kona moja inavuja.

Kulipaka silikoni kwa nje hakusaidii. Toa maji, kata silikoni ya ndani yote kwa wembe, futa kwa spiriti, weka silikoni halisi isiyo na dawa ya ukungu, na uache wiki nzima kwa baridi ya huku. Lijaze maji nje ya nyumba saa 48 kabla ya kurudisha samaki.

Jike mmoja hali na kidevu kimejaa. Naye ni mgonjwa?

La, ana mayai mdomoni. Atayashikilia kama siku 21. Kama unataka vifaranga, mhamishe kwa utulivu siku ya 16 hivi kwenye tangi dogo lenye maji ya tangi kubwa, na baada ya kuwatema mpe siku chache za kula kabla hajarudi.

Naweza kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa, kujiongezea samaki? Na waliozidi niwaachie mtoni?

Uvuvi na biashara ya samaki unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa hiyo anzia kwa ofisa uvuvi wa Wilaya ya Kyela kabla ya kutupa wavu. Ukiruhusiwa, jua kwamba ziwa liko karibu mita 474 na barabara ya Tukuyu hupita juu ya mita 2,000: hewa ndani ya mfuko hutanuka karibu sehemu moja ya tano. Mfuko uliokazwa Matema hupasuka Isyonje, kule juu barabarani. Weka theluthi moja ya maji, acha ulegee, tumia mifuko miwili, na uweke kwenye boksi lenye povu. Wageni wakae tangi la pembeni wiki nne.

Kuwaachia mtoni, hapana, hata mto unaoingia Ziwa Nyasa. Mbuna wa tangini wamechanganyika damu, na aina nyingi zinazouzwa ni za visiwa na miamba ya upande wa Malawi. Wape watu wenye matangi, au utenge madume na majike.